Uende mwezi gani? Mwongozo kamili wa kuchagua msimu wa safari ya meli kaskazini ya mbali

Mgeni akikuuliza aende Serengeti lini, hukimbilii kutaja mwezi. Unamuuliza kwanza anataka kuona nini. Anayetaka nyumbu wakizaa utamwelekeza Ndutu, Februari. Anayetaka wakivuka Mto Mara utamwambia asubiri Julai au Agosti. Safari ya meli kwenda kaskazini ya mbali inapangwa kwa mtindo huohuo, ila kukosea kwake kuna gharama zaidi. Unaweza kulipa mamilioni ya shilingi, ukavaa nguo tatu juu ya nyingine, na kile ulichokifuata kikawa hakipo kabisa mwezi huo.

Hapa nitashikilia zaidi pwani ya Norwei na visiwa vya Svalbard. Pwani ya Norwei meli hupita mwaka mzima, kwa hiyo mwezi unauchagua wewe mwenyewe, na hapo ndipo watu wanapobabaika. Greenland na Alaska nitazigusa kwa ufupi, maana huko barafu na kampuni za meli zimeshakuchagulia.

Hatua ya 1: Chagua kwanza mwanga au giza

Wengi huanza kupanga wakiwa na picha mbili kichwani: jua linalowaka saa sita usiku, na aurora, ile nuru ya kijani inayocheza angani. Kisha humwomba wakala safari moja yenye vyote viwili. Safari hiyo haipo. Aurora hutokea miezi yote, lakini ili uione lazima anga liwe jeusi, na mahali ambapo jua halitui anga haliwi jeusi hata kwa dakika moja. Anayekwenda Juni kutafuta aurora amekwenda kutafuta nyota saa saba mchana.

Sisi wa karibu na ikweta tumezoea jua linalochomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, Januari kama Julai. Ukivuka mzingo wa Aktiki, kwenye nyuzi 66 na nusu hivi za kaskazini, hesabu hiyo inavunjika. Mji wa Tromsø hauoni jua likitua tangu takriban tarehe 20 Mei hadi 22 Julai, na kati ya tarehe 27 Novemba na 15 Januari jua halichomozi kabisa. Nordkapp, ile rasi maarufu iliyo juu zaidi, jua la usiku huanza katikati ya Mei na kuisha mwishoni mwa Julai. Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard ulio nyuzi 78, jua hukaa juu tangu takriban 20 Aprili hadi 22 Agosti, halafu tangu mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari halionekani. Hata likirudi, milima hulificha, na mjini penyewe wenyeji hulisubiri hadi tarehe 8 Machi ndipo wafanye sherehe ya kulipokea.

Angalia jambo ambalo matangazo hayalisemi: Bergen, ambako safari nyingi za pwani huanzia, ipo kusini mwa mzingo wa Aktiki. Huko Juni usiku ni mfupi na mweupe, lakini jua linatua. Ukinunua safari ya siku nne za fjord, zile hori nyembamba za bahari zilizopenya kati ya milima kusini mwa Norwei, usitarajie jua la saa sita usiku. Soma ratiba uone meli inafika nyuzi ngapi.

Kwa anayechagua giza, miezi ya aurora ni tangu mwisho wa Agosti hadi mwanzo wa Aprili, na kipindi cha kutegemewa ni mwisho wa Septemba hadi mwisho wa Machi. Aurora hutokana na chembe zenye umeme zinazotoka kwenye jua na kugonga gesi za hewa ya juu. Oksijeni ikigongwa hutoa ule ukijani. Chembe hizo huelekezwa na sumaku ya dunia kwenye mkanda unaozunguka ncha, na kaskazini mwa Norwei ipo chini ya mkanda huo. Oktoba 2024 mashirika ya Marekani ya NASA na NOAA yalitangaza kuwa jua limefika kwenye kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi. Mawakala wanatumia habari hiyo kukuharakisha. Usiharakishwe: miaka inayofuata kilele bado huwa na nguvu, na chini ya ule mkanda aurora huonekana hata miaka ambayo jua limetulia. Adui wa kweli ni mawingu.

Hatua ya 2: Chagua njia ya bahari

Njia ya kwanza ni ya pwani ya Norwei, Bergen hadi Kirkenes na kurudi: bandari 34, siku 12. Huduma hii ilianza 1893 kwa meli ya posta ya nahodha Richard With, na hadi leo ni usafiri wa kawaida wa wenyeji. Sasa inaendeshwa na kampuni mbili, Hurtigruten na Havila. Asubuhi moja utamwona mama akishuka na mkoba kwenye gati dogo, vifurushi na bidhaa vinapakuliwa kwa gari la kunyanyulia mizigo, dakika kumi na tano baadaye kamba zinafunguliwa. Hakuna maonyesho ya jukwaani wala kasino. Watu wa anasa huchoka. Mimi naona huo ndio utamu wake. Na kwa kuwa ni usafiri wa umma, si lazima ununue siku zote 12. Unaweza kupanda Tromsø na kushuka Kirkenes, au Bodø hadi Svolvær peke yake.

Njia ya pili ni meli kubwa za kitalii zinazotoka Southampton, Hamburg na kwingineko na kupanda hadi Nordkapp. Hizo ni hoteli zinazoelea. Nyingi hupita Mei hadi Septemba, na chache huja Februari na Machi kwa ajili ya aurora.

Njia ya tatu ni meli ndogo za uchunguzi zinazozunguka Svalbard, ambako dubu weupe wapo. Hizi ni ghali, na msimu wake ni mfupi: Mei hadi Septemba.

Greenland meli huenda Juni hadi Septemba. Ghuba ya Disko, penye fjord ya barafu ya Ilulissat iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2004, inafikika msimu wote huo. Scoresby Sund upande wa mashariki hufunguka mwishoni mwa Julai au Agosti barafu inapoachia, na anayekwenda Septemba hupata vipande vya barafu vikubwa kama majumba mchana na aurora usiku. Alaska msimu ni mwisho wa Aprili hadi Oktoba: Mei mvua huwa chache, Julai na Agosti samaki wa samoni hupanda mito na dubu huwafuata. Juneau imekubaliana na kampuni za meli kuweka ukomo wa vitanda vya abiria kwa siku kuanzia 2026, vitanda 16,000 Jumapili hadi Ijumaa na 12,000 Jumamosi. Hebu fikiria mji wa watu kama elfu thelathini ukipokea wageni hao kwa siku moja. Kama unachukia msongamano, nenda Mei au Septemba.

Hatua ya 3: Pwani ya Norwei, mwezi kwa mwezi

Kwanza toa hofu ya baridi. Mkondo wa maji ya uvuguvugu unaotoka Atlantiki hupita ubavuni mwa Norwei, ndiyo maana bandari hazigandi hata zikiwa juu kuliko sehemu kubwa ya Siberia. Januari Tromsø wastani wa joto ni nyuzi chache tu chini ya sifuri. Julai ni kama nyuzi 12. Kinachoumiza ni upepo wa sitahani.

Januari. Milima hulificha jua siku chache za kwanza, kisha huonekana tena Tromsø karibu na tarehe 21, na mji mzima hula maandazi ya jamu kulikaribisha. Usiku ni mrefu, aurora ina nafasi kubwa, bei ziko chini. Ubaya wake ni dhoruba. Mwezi huu pia samaki wanaoitwa skrei huanza kushuka kutoka Bahari ya Barents kuja kuzaa kwenye visiwa vya Lofoten, na boti za wavuvi hujaa.

Februari. Kila siku inaongezeka kwa karibu dakika 8 hadi 10 za mwanga, unaiona kwa macho. Tarehe 6 ni siku ya taifa ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, na Tromsø huwa na mbio za kulungu wa Aktiki katikati ya mji. Baridi ni kali kuliko Machi.

Machi. Ukiniuliza mwezi mmoja tu wa giza, nitakutajia huu, hasa nusu yake ya pili. Karibu na tarehe 20 mchana na usiku hulingana dunia nzima, kwa hiyo unapata saa kumi na mbili za mwanga kama ulizozoea nyumbani, za kuona milima yenye theluji iliyojaa, na saa za kutosha za giza kwa ajili ya aurora. Tena wataalamu wameona kwa miongo mingi kwamba dhoruba za sumaku huongezeka karibu na siku za usawa wa Machi na Septemba, kutokana na jinsi sumaku ya dunia inavyoelekeana na ile inayobebwa na upepo wa jua. Lofoten utakuta vichanja vya mbao virefu kuliko nyumba, vimening'inizwa skrei wawili wawili kwa mikia, wanakauka kwa upepo bila chumvi. Ni ng'onda wa aina yake, na shehena kubwa yake huishia Nigeria. Harufu yake utaisikia kabla hujafika gatini.

Aprili. Mwezi wa katikati. Aurora inaaga wiki ya kwanza au ya pili, jua la usiku bado, theluji chini imechafuka. Bei ni nzuri, na anayependa kuteleza kwenye theluji ataufurahia. Mwenye safari moja tu ya maisha aupite.

Mei. Kusini miti ya matunda huchanua huko Hardanger, maporomoko yanajaa maji ya theluji inayoyeyuka, na Bergen, mji unaojulikana kwa mvua, huwa na siku kavu zaidi kati ya Aprili na Juni. Tarehe 17 Mei ni sikukuu ya katiba, na kila bandari utakayotia nanga utakuta watoto wa shule kwenye gwaride na watu wazima kwa mavazi ya asili. Ukiondoka Bergen baada ya hapo, unafika Tromsø jua likiwa halitui tena. Kwa mwanga, wiki ya tatu ya Mei hadi katikati ya Juni ndiyo naipenda kuliko zote: milima bado ina vilele vyeupe, wageni hawajajaa, bei haijafika kileleni.

Juni na Julai. Hapa ndipo kila mtu huja. Jua la usiku liko imara, ndege aina ya pafini wamejaa kwenye visiwa vya Gjesværstappan karibu na Nordkapp, mlimani unaweza kupanda saa nne usiku bila tochi. Kiangazi ndipo pia ratiba huingiza Geirangerfjord, iliyo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2005. Uliza kama yako inaingia. Julai Wanorwei wenyewe wako likizo, hivyo kabini na hoteli ni shida, na Nordkapp usiku wa manane utasimama foleni kupiga picha na tufe la chuma lililosimamishwa pale. Kumbuka pia ukungu: jua halitui, lakini wingu likikaa mbele yake hulioni.

Agosti. Pafini huondoka kabla ya katikati ya mwezi. Mwanga bado mrefu, umati unapungua baada ya shule za Norwei kufunguliwa, maji si baridi sana. Mwishoni giza linarudi. Kwa anayeng'ang'ania kuonja vyote, wiki ya mwisho ya Agosti inampa jioni ndefu za rangi ya dhahabu na nafasi ndogo ya aurora. Ni maridhiano, na maridhiano huacha kila upande na njaa kidogo.

Septemba. Mwezi wangu wa pili. Vichaka vya Finnmark, mkoa wa kaskazini kabisa, hugeuka vyekundu na njano katikati ya mwezi, aurora imerudi, mchana ni wa saa kumi na mbili hivi, na bado hakuna barafu njiani. Mvua ndiyo tatizo.

Oktoba na Novemba. Bei hushuka, na mvua hunyesha sana. Lakini Novemba hadi Januari kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: makundi ya samaki wa heringi huingia kwenye fjord za karibu na Skjervøy, kaskazini mwa Tromsø, yakifuatwa na nyangumi wauaji na nyangumi wenye nundu. Boti ndogo za kuwatazama huondoka Tromsø na Skjervøy kwenyewe. Mchana ni wa saa chache, na ukifika Desemba ni mapambazuko tu yasiyozaa jua.

Desemba. Hapa inabidi nieleze, kwa sababu neno giza linawatisha watu. Saa sita mchana Tromsø anga la kusini huwa na waridi chini, halafu zambarau, halafu buluu iliyoiva kadiri unavyoinua macho; theluji yote inashika ile buluu, na taa za nyumba ng'ambo ya bahari huonekana kama mkaa. Hudumu saa mbili tatu, kisha usiku tena. Kuna watu wanaolipa kwa ajili ya hiyo rangi peke yake. Wengine siku ya nne wanaanza kulala mchana na kununa mezani. Jijue wewe ni yupi.

Hatua ya 4: Kama ni Svalbard, fuata barafu

Huko kalenda inaendeshwa na barafu ya baharini, ambayo kwa Aktiki nzima hufika upeo wake Machi na kupungua kabisa katikati ya Septemba.

Mei na mwanzo wa Juni nchi bado ni nyeupe. Meli haziwezi kuzunguka kisiwa kikuu cha Spitsbergen, ila hukaa upande wa magharibi na kwenye ukingo wa barafu, ambako dubu huwinda sili. Kwa picha za theluji, ndio wakati. Mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai ni wakati wa ndege: mwamba wa Alkefjellet una maelfu kwa maelfu ya ndege wa miambani, kelele yao utaisikia kabla ukungu haujakufunulia mwamba. Katikati ya Agosti mwamba huo huwa karibu mtupu. Katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti barafu ya mlangobahari wa Hinlopen huachia, na hapo kuzunguka Spitsbergen nzima kunawezekana mara nyingi. Walrasi, wale wanyama wakubwa wenye pembe mbili kinywani, hulala ufukoni kwa makundi. Ningechagua wiki mbili za kwanza za Julai.

Kabla hujalipa, uliza meli inabeba watu wangapi. Tangu 1 Januari 2025 sheria mpya zinakataza meli yenye abiria zaidi ya 200 kuingia kwenye maeneo yaliyohifadhiwa, na kushuka nchi kavu humo kunaruhusiwa sehemu 43 tu. Mbele ya dubu mweupe lazima mkae mita 300, na kati ya Machi na Juni ni mita 500. Maana yake ni mbili: meli kubwa itakufikisha Longyearbyen na fjord za jirani, haitakupeleka kwa wanyama, na kamera ya simu haitoshi, beba darubini.

Hatua ya 5: Pima tumbo lako

Sehemu kubwa ya njia ya Norwei imekingwa na visiwa, bahari imetulia kama ziwa. Ila kuna vipande vilivyo wazi: Stad kusini, Folda, Vestfjorden kabla ya Lofoten, na kona nzima ya juu kutoka Honningsvåg hadi Kirkenes. Novemba hadi Februari vipande hivyo vinaweza kutikisa vibaya, na nahodha akiona haifai anaruka bandari. Kama hata boti ya Zanzibar inakuchafua roho, chagua Mei hadi Agosti, chukua kabini ya chini katikati ya meli, na umeze dawa kabla ya mawimbi, si baada.

Hatua ya 6: Linganisha na likizo, ibada na viza

Likizo za shule zinatusaidia kwa kiasi. Ile ya Juni ya Tanzania inaangukia kwenye jua la usiku, na ya Agosti ya Kenya inaangukia mwanga wa kuaga. Desemba ndiyo ya kufikiria mara mbili ukiwa na watoto wadogo, kwa sababu ya giza na dhoruba pamoja.

Kwa Waislamu, kiangazi kina suala la nyakati za sala, kwani jua halitui wala halichomozi. Waislamu wa huko hufuata ratiba ya Makka au ya mji wa karibu ambako usiku na mchana hutengana. Muulize shehe wako kabla, usisubiri uko sitahani. Chakula cha halali au kisicho na nyama mwambie wakala wakati wa kuweka nafasi, kwani meli huchukua akiba bandarini siku nyingi kabla.

Viza ndiyo huamua mwezi kuliko watu wanavyodhani. Norwei ipo ndani ya Schengen, umoja wa nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15, ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya afya lazima ifike yuro 30,000. Miadi ya Juni na Julai hujaa mapema kwa sababu Ulaya nzima inaombwa wakati huo. Anayesafiri Machi au Septemba hupumua.

Kisha kuna mtego wa Svalbard. Kwa mujibu wa mkataba wa 1920 visiwa hivyo havidai viza ya mtu yeyote, na wengine husoma hapo wakaridhika. Lakini viko nje ya Schengen, na ndege za kwenda hupitia Oslo au Tromsø. Ukiruka kwenda Longyearbyen umetoka Schengen. Ukirudi unaingia upya. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya kuingia mara mbili au zaidi. Greenland nayo ipo nje ya Schengen ingawa ni ya Denmark, na viza lazima iandikwe kuwa inafaa huko. Na meli inayoanzia Southampton inataka viza ya Uingereza juu ya zote.

Hatua ya 7: Weka nafasi, halafu panga siku

Juni na Julai weka nafasi mwaka mmoja kabla. Meli ndogo za Svalbard hata zaidi. Kwa Novemba, Januari na mwanzo wa Februari mara nyingi punguzo hutoka karibu na tarehe, ingawa ukihesabu tiketi ya ndege kutoka Dar es Salaam au Nairobi huenda punguzo likamezwa.

Ukifuata aurora, usilipie siku za kusini. Panda Tromsø, nenda Kirkenes, rudi Tromsø: siku tatu hivi, zote chini ya ule mkanda, na ongeza siku mbili za kukaa Tromsø ili ukipata mawingu baharini ujaribu bara, ambako huwa na anga safi zaidi. Usiogope mwezi mpevu. Hufifisha aurora dhaifu lakini huimulika milima ukaiona. Kampuni za pwani zina ahadi ya safari ya bure kama aurora haikutokea kabisa; soma masharti, kwani huhusu safari ndefu na tarehe maalum, na safari hiyo ya bure bado ina tiketi ya ndege ambayo haitakuwa bure.

Ukifuata jua, hesabu siku za kaskazini. Safari ya siku 12 inavuka mzingo wa Aktiki asubuhi ya siku ya nne, kwenye kisiwa kidogo cha Vikingen chenye sanamu ya tufe. Baadaye sitahani hufanyika mzaha wa ubatizo: mtu aliyevaa kama mungu wa bahari anakutia upawa wa barafu mgongoni, ndani ya nguo. Vaa fulana ya kubadilisha.

Mwisho ni kabini. Kiangazi kabini ya ndani isiyo na dirisha ina faida, maana utalala gizani wakati nje jua linawaka. Ukichukua yenye dirisha, beba kitambaa cha kufunika macho. Majira ya giza dirisha halikusaidii kwa aurora kwa sababu ya taa za meli na kioo. Kinachosaidia ni kuwa karibu na mlango wa sitaha. Tangazo hutolewa kwenye spika ya kabini, hata saa nane usiku, na nuru hiyo inaweza kudumu dakika tano tu. Kwa hiyo lala ukiwa na fulana na suruali za ndani za sufu mwilini, koti la kuzuia upepo na buti zenye kukamata barafu mlangoni, glovu mfukoni mwa koti, na spika isiwe imezimwa.